Kubadili Neno la Siri Hakutoshi

Shule au ofisi ikiweka alama za mitihani na hesabu za karo katika seva, mtunzaji wake si lazima akae mbele yake. Aweza kuiingia akiwa mji mwingine. Kukitokea wizi, neno la kwanza usikialo ni hili: "Badilini maneno ya siri!" Shauri hilo ni jema, lakini ni nusu ya kazi tu.

Njia itumiwayo sana ya kuingia kwa mbali huitwa SSH. Aliyeibuni ni Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita katika mtandao wa chuo chake. Njia hii hukubali ufunguo badala ya neno la siri. Ufunguo una sehemu mbili: moja ya siri, hukaa kwa mwenyewe, ya pili huandikwa katika seva, mstari mmoja ndani ya faili liitwalo authorized_keys. Ambaye mstari wake umo humo hufunguliwa.

Hapo ndipo apitapo mwizi mwerevu. Akipata nafasi ya dakika moja, huandika mstari wake chini ya mistari ya wenyewe, kisha huenda zake. Badili neno la siri mara kumi, yeye atarudi kwa ufunguo wake. Mwaka 2015 Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano aliyetunga Redis, programu ya kuhifadhi habari, alieleza mwenyewe hadharani jinsi Redis iliyoachwa wazi kwenye intaneti iwezavyo kuamriwa na mgeni iandike ufunguo wa mgeni huyo katika faili lile lile. Hapana mlango uliovunjwa. Programu halali ndiyo iliyoshika kalamu.

Wako wasemao kwamba kulilinda faili hilo ni kujitafutia makelele, maana watunzaji wenyewe hutengeneza funguo mpya mara kwa mara. Ni kweli, na kengele iliayo mchana kutwa mwisho haisikiwi. Lakini ufunguo kuzaliwa si ajabu. La kutazamwa ni nani aliyeuandika, saa ngapi, na kwa programu gani. Mtunzaji akitengeneza ufunguo saa nne asubuhi, siku aliyopata msaidizi mpya, yaeleweka. Je, programu ya kuonyesha kurasa za tovuti ina haja gani na funguo? Ikiandika hata mstari mmoja usiku wa manane, mimi nisingengoja ushahidi wa pili. Kadhalika ufunguo utokeao kwa jina la mtu aliyekwisha acha kazi.

Seva za Linux zina chombo cha ulinzi huo, auditd, nacho hakigharimu senti. Kikiamriwa, huandika kila faili lile liguswapo, na aliyeligusa. Kumbukumbu hizo zipelekwe katika kompyuta nyingine, kwani aliyejipatia mamlaka yote aweza kuzifuta. Zaidi ya hayo pawe na daftari: ufunguo wa nani, ulitiwa lini, kwa idhini ya nani. Karani wa stoo hatoi jembe bila sahihi! Walimu wakuu na kamati za wazazi wawaulize watunzaji: mna funguo ngapi, na ni za nani? Asiyeweza kujibu apewe wiki moja, na kila ufunguo usio na mwenyewe ufutwe.