Asiyekubali kushindwa si mshindani

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hututoka kinywani upesi, aghalabu tunapotaka kumfariji mtu aliyebwagwa, kisha tunaisahau hadi kichapo kingine kije. Lakini je, msomaji, mtu akubali kushindwa mara ngapi? Mara tatu? Mara kumi? Ipo timu moja ya chuo kikuu iliyoshindwa mara 94 mfululizo, na kila ilipobwagwa ikarudi uwanjani. Habari zake zafaa kusimuliwa katika nyumba zetu, ambamo mtoto huondolewa mchezoni punde tu alama zake za darasani zinapoteremka.

Timu hiyo ni ya besiboli, na ni ya Chuo Kikuu cha Tokyo, nchini Japani.

Sisi Wakenya tumevijua vyuo vya Japani zaidi kwa sababu ya mbio. Mwaka 1989, Joseph Otwori alikiwakilisha chuo cha Yamanashi Gakuin katika mbio za kupokezana za Hakone, na tangu hapo vijana wetu wengi wamekwenda huko kusoma na kukimbia. Hata hivyo, mchezo ulioshika mizizi katika vyuo hivyo kwa zaidi ya karne moja ni besiboli. Asiyeujua na akumbuke raunda, ule mchezo ambao wasichana wetu huucheza katika shule za msingi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa kigongo, kisha anatimka mbio akipitia vituo hadi arudi alikoanzia. Akifika salama, timu yake imepata mkimbio mmoja. Kila upande hupata zamu 9 za kupiga, na timu zikitoshana, zamu huongezwa. Ukiyajua hayo, yanakutosha kuifuata hadithi hii.

Mbegu ya mwalimu mgeni

Besiboli iliingia Japani kupitia darasani. Mwalimu mmoja Mmarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wake mchezo huo mnamo 1872 mjini Tokyo, katika shule ambayo mwaka 1877 ilikuwa mojawapo ya zile zilizounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Tokyo. Kwa hivyo, timu tunayoizungumzia inacheza mahali ambapo mbegu yenyewe ilipandwa.

Miongoni mwa vijana waliouhusudu mchezo huo alikuwemo Masaoka Shiki, aliyeingia shule ya maandalizi ya chuo hicho mwaka 1884. Huyu baadaye alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa haiku, yale mashairi mafupi mno ya Kijapani. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1902, angali kijana wa miaka 34, lakini mapenzi yake kwa besiboli hayakusahauliwa. Mwaka 2002, miaka 100 baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli ya Japani.

Na usidhani kwamba wanafunzi hao walikuwa mabua tangu mwanzo. Shule ya kuwaandaa vijana kuingia chuo hicho ilijulikana kwa ufupi kama Ichiko. Tarehe 23 Mei 1896, vijana wa Ichiko walikwenda Yokohama kupambana na klabu ya wageni kutoka nchi za Magharibi. Zama hizo wageni hao walikuwa hawashtakiwi katika mahakama za Japani, na walijitenga katika klabu zao kama walivyojitenga walowezi wa hapa kwetu enzi za ukoloni. Wanafunzi waliwanyoa bila maji, mikimbio 29 kwa 4. Nchi nzima ilichangamka. Mchezo wa mgeni ulikuwa umemrudia mwenyewe kwa kishindo.

Vyuo sita, mlango mmoja mwembamba

Baadaye vyuo vingine viliinuka. Waseda na Keio vilipambana kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na utani wao wa jadi ukawa mkali hata mechi zao zikasimamishwa mwaka 1906 kwa hofu ya vurugu za mashabiki. Zilirejea mwaka 1925. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Tokyo kilijiunga na Waseda, Keio, Meiji, Hosei na Rikkyo, ikazaliwa ligi ya vyuo sita ambayo ipo hadi leo. Huchezwa misimu miwili kwa mwaka, ya machipuko na ya vuli, katika uwanja wa Meiji Jingu uliofunguliwa mwaka 1926. Ni ligi isiyomshusha mtu daraja. Wa mwisho hubaki, na msimu ujao hucheza tena na walewale waliomshinda.

Sasa sikiliza. Ligi hiyo ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Katika karne hiyo nzima, kila kimoja cha vile vyuo vitano vingine kimetwaa ubingwa zaidi ya mara 10. Tokyo haikuutwaa hata mara moja.

Sababu yake haina uchawi. Vyuo vingine katika ligi hiyo aghalabu huwa na njia za kuwapokea vijana waliong'aa katika besiboli ya shule za upili, wakiwemo waliotamba katika mashindano ya kitaifa ya Koshien. Mlango wa Tokyo ni mtihani, tena mtihani unaotisha kuliko yote nchini humo. Wanafunzi wapatao 3,000 tu ndio huingia kila mwaka. Wengi hushindwa mara ya kwanza, wakakaa nyumbani mwaka mzima wakidurusu kabla ya kujaribu tena, na mwaka huo kigongo hukaa pembeni kikishika vumbi. Anayetaka kurushia Tokyo mpira sharti kwanza aupite mtihani uleule anaoupita mwenzake atakayekuwa jaji au daktari. Kurusha mpira vizuri hakumwongezei hata alama moja.

Pengine utauliza, mbona wasilegeze kamba kidogo? Nafasi 10 tu zingetosha kuinua timu. Lakini hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Siku wakilegeza, wataanza kushinda, lakini watakaoshinda hawatakuwa tena wanafunzi wa chuo hicho wanaocheza besiboli. Watakuwa wachezaji waliokodishiwa jina la chuo. Wenyewe wamechagua kushindwa wakiwa wao.

Mara chache jua lilipochomoza

Si kwamba walikuwa wakilala tu. Mwaka 1943 serikali iliivunja ligi kwa sababu ya vita, na mwezi wa Oktoba mwaka huo wanafunzi wa vyuo waliandamana katika mvua jijini Tokyo wakiagwa kwenda jeshini. Wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, ligi ilifufuliwa mwaka 1946 kati ya njaa na magofu. Msimu huo wa kwanza Tokyo ilishinda mechi zake nne za mwanzo. Ya mwisho, iliyobeba ubingwa, ililala kwa Keio kwa mkimbio mmoja kwa sufuri. Nafasi ya pili ikawa ndiyo kilele chao, na hawajaipanda tena.

Msimu wa machipuko wa 1981 uliwapa furaha nyingine. Katika ligi hii, mwenye kushinda mechi mbili dhidi ya mpinzani mmoja hupata pointi. Msimu huo Tokyo ilipata pointi kwa Waseda na kwa Keio pia, jambo ambalo halikuwa limetokea awali. Watu wakauita msimu huo tufani ya Lango Jekundu, kwa jina la lango la kale lililo kwenye uwanja wa chuo hicho. Na mwaka 2001 msichana aliyevaa jezi ya Tokyo alipanda kilimani kurusha mpira katika mechi dhidi ya Meiji, ambayo nayo ilimtoa mrushaji msichana. Wasichana wawili kurushiana zamu katika ligi ya wanaume lilikuwa jambo geni kabisa.

Miaka minne bila ushindi

Oktoba 2010 Tokyo iliishinda Waseda, ambayo mrushaji wake alikuwa Yuki Saito, kijana aliyekuwa akipendwa nchi nzima. Shangwe zikapanda. Hakuna aliyejua kwamba kisima kingekauka baada ya tone hilo. Msimu uliofuata wakashindwa mechi zote. Uliofuata, vivyo hivyo. Rekodi ya ligi ya kushindwa mfululizo ilikuwa mechi 70, nayo ilikuwa yao wenyewe, iliyoanza mwaka 1987. Wakaifikia, wakaipita. Sare chache zilijitokeza njiani, lakini ushindi ukawa kama mvua ya jangwani.

Mwaka 2013 wakamleta Masumi Kuwata awasaidie kuwanoa wachezaji. Huyu alikuwa mrushaji hodari wa Yomiuri Giants, aliyeshinda mechi 173 katika ligi kuu ya Japani. Mapema mwaka huohuo Japani ilikuwa imetikiswa na habari za mwanafunzi wa shule ya upili aliyejiua baada ya kupigwa na kocha wake. Kuwata alisimama hadharani akapinga kipigo michezoni. Alisema yeye mwenyewe alichapwa sana utotoni, na wala hakuona kwamba fimbo ilimfanya kuwa mchezaji bora. Hapa kwetu fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini wako makocha na wazazi ambao bado huamini kwamba mtoto akishindwa, dawa ni kiboko.

Je, ujio wa bingwa huyo uliwaletea ushindi? La. Mwaka 2013 ukapita mikono mitupu, na 2014 vilevile.

Nakuomba, msomaji, utulie kidogo juu ya tarehe hizi. Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na kwisha Machi, na shahada ya kawaida huchukua miaka minne. Kijana aliyejiunga na timu ya Tokyo Aprili 2011 alimaliza masomo Machi 2015. Alicheza misimu minane. Alirauka alfajiri kufanya mazoezi, akakimbilia darasani, akarudi uwanjani jioni. Akavua jezi kwa mara ya mwisho bila kuonja ushindi hata mmoja wa ligi. Hata mmoja! Alipokuwa akikabidhiwa cheti, hesabu ilikuwa bado inaongezeka.

Tarehe 23 Mei 2015, Tokyo ilikutana na Hosei. Zamu 9 zikaisha wakiwa wametoshana. Katika zamu ya 10 Tokyo ikapata mikimbio miwili, na Hosei haikujibu. Ikawa 6 kwa 4. Baada ya vichapo 94, wakashinda, siku ileile ya mwezi ambayo vijana wa Ichiko walikuwa wameushangaza ulimwengu wao miaka 119 nyuma. Wale waliovua jezi zao Machi walikosa siku hiyo kwa miezi miwili tu.

Je, ni nani aliyeshinda mechi hiyo? Vitabu vya rekodi vitawataja waliokuwa uwanjani. Lakini timu si ya siku moja. Kama wale wa 2011 wangesema, "Ya nini kujichosha?" wakaenda zao maktabani, pasingekuwa na timu ya kushinda mwaka 2015. Wao ndio walioipokea jezi ikiwa imelowa machozi, wakaifua, wakaikabidhi kwa wadogo zao ikiwa safi. Wakulima wa minazi wanaijua kazi hiyo, kwani apandaye mnazi mara nyingi si yeye aunywaye maji ya dafu lake.

Kushinda hakukuja kwa wingi baada ya hapo. Mwaka 2017 walipata pointi dhidi ya Hosei, ya kwanza baada ya miaka 15, na mrushaji wao Kohei Miyadai, mwanafunzi wa sheria, akachaguliwa na klabu ya kulipwa ya Nippon-Ham Fighters. Kisha kiza kikarudi. Walishindwa mechi 64 mfululizo hadi tarehe 30 Mei 2021, walipoilaza Hosei 2 kwa 0. Na bado wanacheza.

Wazazi wenzangu, mimi sisemi watoto wafundishwe kupenda kushindwa. Hao vijana wa Tokyo hawakupenda. Kila mechi waliingia wakitaka ushindi, ndiyo maana waliendelea kutafuta kocha, kubadili mbinu na kurauka. Ninalosema ni kwamba mchezo ulikuwa na thamani kwao hata siku ambazo ubao wa alama ulikuwa dhidi yao. Mtoto anayejifunza kuupeana mkono wa mshindi, kisha akarudi mazoezini Jumatatu, amejifunza jambo ambalo hakuna tuisheni ya likizo itakayomfundisha.

Nanyi wanafunzi mnaodhani kwamba kitabu na mpira ni fahali wawili wasiokaa zizi moja, watazameni hao waliopita mtihani mgumu kuliko yote nchini mwao, kisha wakaomba jezi ya timu ambayo haijawahi kutwaa ubingwa. Walijua wanakoingia. Waliingia hata hivyo.