MGENI WA KISIWANI NA AJE NA MKOBA MMOJA

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Ukifika mwanzo wa muhula wa kwanza hapa Lamu hatuhitaji kuambiwa kwamba wageni wamewasili. Tunawaona gatini. Kuna walimu, wauguzi, askari na makarani, kila mmoja ana barua ya uhamisho mfukoni na nyumba nzima nyuma yake. Nasema nyumba nzima kwa sababu ni kweli: kitanda cha futi 6 kwa 6, makochi, kabati la vioo, friji, mtungi wa gesi, na mara nyingine jogoo ndani ya kikapu. Hoja yangu ni fupi. Mtu anayehamia kisiwani aje na mkoba mmoja, apange chumba cha muda kwa mwezi mmoja au miwili, na vitu vyake vingine vimngoje bara mpaka ajue atakaa wapi. Hoja hii niliitoa katika mjadala wa Chama chetu mwaka huu nikashindwa kwa kura. Lakini kura si ushahidi, kwa hivyo naileta tena hapa kwa maandishi.

Kwanza itazame safari ya mzigo wenyewe. Basi au lori mwisho wake ni Mokowe, upande wa bara. Hapo mzigo unashushwa, unabebwa hadi gatini, unaingizwa chomboni, unavuka, unatolewa chomboni, unapandishwa gati la huku, halafu unapakiwa kwenye mkokoteni au mgongoni mwa punda mpaka mlangoni. Hata anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda na bado ana maji ya kuvuka. Hesabu mwenyewe kabati hilo limeshikwa na mikono mingapi, na kila mkono una bei yake. Ami yangu ni hamali, namsikia akizungumza jioni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana, chombo kikakaa chini kabisa ya gati na ngazi zikawa za kuteleza. Ami anasema friji akiionea siku kama hiyo ana bei mbili: moja ya kubeba na moja ya kuogopa.

Tuseme mzigo umefika salama. Sasa kuna nyumba. Watu wa bara wakisikia nyumba za mawe hudhani ni pana kama ngome. La hasha! Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na dari zake zikalazwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu upendavyo. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Ndiyo maana vyumba vya Mkomani ni virefu lakini vyembamba, karibu mita 3 au chini yake. Ngazi nazo ni za mwinuko mkali na zina kona. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kikiingia chumba hicho, mwenyewe atapita wapi? Na kisipopita ngazini, usifikirie kubomoa ukuta. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na hakuna kitanda kitakachouondoa humo.

Haya si mambo ya kubuni. Tulipata mwalimu wa Bayolojia kutoka bara, mtu mwema na mfundishaji hodari. Alikuwa ameipata nyumba kwa simu, ametumiwa picha tatu nzuri, na amelipa kodi ya miezi mitatu kabla hajaiona bahari yetu. Kitanda hakikupanda. Makochi yakakaa pale kwenye daka la mbele ambapo watu hupiga hodi na wazee hupumzika, yakafunikwa turubai. Majirani walimwambia kwa upole, "Mwalimu, hapa ndipo pa kupita." Alifanyaje? Hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka, na kodi yake ilikwisha kuliwa. Maji ya bomba la nyumba ile yalikuwa ya chumvi, picha hazikuonyesha hilo. Muhula ulipokwisha alikuwa amepata uhamisho mwingine. Sisemi makochi ndiyo yaliyomwondoa, mtu ana mambo mengi moyoni. Nasema alianza maisha ya hapa kwa kugombana na nyumba, na hakupata nafasi ya kutupenda. Sisi tulikaa muhula mzima wa pili bila mwalimu wa Bayolojia, na mwakani kuna KCSE. Ndiyo sababu jambo hili kwangu si la vitanda tu.

Yapo mambo ya kisiwani ambayo hayajulikani mpaka mtu alale hapa usiku kadhaa. Maji ni la kwanza. Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Kwa hivyo ukionyeshwa nyumba, kabla ya kuuliza kodi, omba maji ya kunywa kutoka bomba la hapo hapo. Uyaonje. Dalali akikuletea maji ya chupa, ondoka.

La pili ni hili: je, unahitaji kukaa kisiwani kweli? Wengi wanasikia "bandari ya Lamu" wakadhani iko hapa mjini. Bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, iko bara, upande wa Kililana. Ofisi nyingi za kaunti nazo ziko Mokowe. Mtu akipanga nyumba ya mwaka mzima Langoni kisha agundue kazi yake iko ng'ambo, atavuka asubuhi na jioni, jua na mvua. Katika miezi ya kusi, bahari ikichafuka, atafika kazini amelowa. Wengine wanaona raha kuvuka. Wengine hawawezi. Mtu hajijui mpaka ajaribu wiki mbili, na wiki mbili zinatosha akiwa katika chumba cha muda.

Sasa chumba hicho kinapatikana wapi? Hapa lazima niseme wazi: mama yangu hukodisha chumba kimoja cha juu, kwa mwezi. Wapinzani wangu mjadalani walilishika jambo hili kama fisi na mfupa, ati natangaza biashara ya nyumbani. Haya, natangaza. Lakini nyumba za namna hiyo ni nyingi, na huzipati kwa picha. Unazipata kwa kuuliza dukani, msikitini au kanisani, kwa mwalimu aliyetangulia, kwa nesi wa zahanati. Mwanamke aliye peke yake, au mke na mume, hupokelewa upesi. Kijana mwanamume asiye na mke asishangae akikataliwa: nyumba ya Kiamu ina kiwanda katikati na wanawake wa nyumba hukaa humo bila buibui, hawawezi kuishi wamejifunika kwa sababu ya mpangaji. Yeye atafute gesti ya bei nafuu au aungane na wenzake wa kazini. Na kila mtu aepuke kuja kutafuta chumba wakati wa Maulidi, kwa maana wageni wa Msikiti wa Riyadha hujaa mpaka kwenye madari, wala Desemba, watalii wanapokuja. Siku hizo hata chumba cha mama kina bei nyingine. (Nimwombe radhi kwa kuitoa siri.)

Muuguzi mmoja alikuja kwetu kwa mtindo ninaousifu. Alishuka chomboni na begi la mgongoni na kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Ndani ya kopo mlikuwa na vyeti vyake, barua za kazi, dawa na chaja. Nilimwuliza kwa nini kopo. Akaniambia, "Mdogo wangu, maji ya bahari hayasomi barua." Begini alikuwa na nguo nyepesi za pamba, leso mbili, chandarua, tochi, ndara na viatu vya kazi. Basi! Sufuria na mbuzi ya nazi mama alimwazima. Alikaa wiki sita. Katika wiki hizo alijua dalali gani ni mwongo, mtaa gani una maji, na nani anauza samaki bila kumpandishia bei mgeni. Nyumba aliyoipata mwishoni aliambiwa na mama juu ya kibaraza, wala dalali hakuonja hata shilingi. Kitanda alichongewa na fundi seremala wa hapa hapa, kikaletwa vipande vipande na kuungwa chumbani. Friji yake aliiuza huko huko bara, na naona alifanya vyema, maana hewa ya chumvi hula chuma mchana na usiku. Yuko hapa bado.

Wapinzani walisema mengine mawili. Mmoja alisema kupanga chumba kisha nyumba ni kulipa mara mbili. Nikamwuliza, na yule aliyelipa miezi mitatu ya nyumba asiyoweza kulala, alilipa mara ngapi? Mwingine alisema mtu mzima akija na mkoba mmoja atadharauliwa, wataona hana kitu. Hili lina ukweli kidogo bara, sijui. Hapa kwetu mwenye mizigo mingi ndiye anayetazamwa, tena huchekwa kabla mkokoteni haujafika kona ya kwanza.

Na msidhani nawahubiria watu wa bara peke yao. Baadhi ya wenzetu wa darasani wanatoka Pate, Siyu na Faza, wanakaa hapa mjini kwa shangazi na wajomba ili wasome shule hii ya kutwa. Wao walihamia kisiwa kutoka kisiwa. Chombo cha Siyu hungoja maji yajae, kwa hivyo tangu utotoni wanajua kwamba kitu usichoweza kukibeba mwenyewe kitakufanya ukose chombo. Walikuja na godoro jembamba na sanduku la bati. Mmoja wao amekwisha kuhama nyumba mbili mwaka huu, ya pili kwa sababu shangazi yake alijifungua na chumba kikahitajika. Alihama kati ya swala ya alasiri na magharibi, na kesho yake alikuwa darasani mapema kuliko mimi.

Ombi langu kwa Mwalimu Mkuu na halmashauri ya shule ni dogo. Mwalimu mpya akipangiwa shule yetu, aandikiwe au apigiwe simu kabla hajafunga mizigo, aambiwe habari za gati, ngazi na maji, na apewe majina ya nyumba tatu nne zinazokodisha chumba kwa mwezi. Majina hayo Chama cha Kiswahili kimeanza kuyakusanya. Daftari liko kwa mlezi wa Chama, na hadi sasa lina nyumba tano, ya mama ikiwa ya mwisho ili watu wasiseme. Mwenye kujua chumba kingine Mkomani, Langoni au Wiyoni amwone mlezi kabla hatujafunga shule, kwa kuwa Januari walimu wapya watakuja, na Bayolojia bado hatuna.