Kongwa Isipangwe Tena Kutoka Mbali

Ndugu wanachama, katika Mkoa wetu wa Dodoma pana mahali ambapo Serikali ya Uingereza ilizika mamilioni ya paundi. Mahali hapo ni Kongwa, safari isiyofika kilomita mia moja kutoka Ipagala. Mara kwa mara husikika maneno ya kulifufua eneo lile. Sisi twayapokea maneno hayo kwa furaha. Lakini hapana budi tukumbushane lilivyokufa, maana mganga asiyeuliza ugonjwa humwua mgonjwa mara ya pili.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, aliishauri Serikali ya London kulima karanga Tanganyika kwa mitambo. Vita vilikuwa vimekwisha na Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kwa majuma machache tu, ukarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Zikajengwa karakana, hospitali, njia ya reli, na shule ya watoto wa Kizungu. Kilichokosekana ni karanga. Udongo wa Kongwa, ukikaukiwa na mvua, hushikamana kama saruji, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Januari 1951 wakubwa wa London walitangaza kwamba mradi umekufa.

Je, ni nani ambaye hakuulizwa? Ni mwenyeji. Mgogo alilijua jua la nchi yake na mvua yake. Wazee wake walikuwa wamepita katika njaa ya Mtunya, iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, nao waliobaki hai walijua ni mbegu gani inayovumilia na ni bonde gani linalohifadhi maji. Elimu hiyo haikutakiwa. Mwafrika aliitwa kuwa kibarua tu, na kibarua huyo aligoma mwaka 1947 kudai haki yake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya wakoloni, nao wamekwenda zao. Wamekwenda, ni kweli. Lakini desturi ya kupanga ardhi ya watu bila ya watu haina rangi wala pasipoti, na sisi wa mjini twaifahamu. Mwaka 1973 TANU iliamua Makao Makuu yahamie Dodoma, nao ulikuwa uamuzi wa haki, wa kuileta Serikali katikati ya nchi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kwa zaidi ya miaka arobaini mwenye kiwanja Dodoma alilazimika kupeleka shauri lake kwa Mamlaka hiyo, si kwa madiwani aliowachagua, na malalamiko ya viwanja yakazidi. Mwezi Mei 2017 Mamlaka ilivunjwa na kazi zake zikapewa Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji. Ramani nzuri peke yake haikutosha.

Kongwa yenyewe imetupa mfano mwema. Nchi huru za Afrika zilipokutana Addis Ababa mwaka 1963, ziliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam. Mwaka 1964, penye mabaki ya mradi wa karanga, ilifunguliwa kambi ya wapigania uhuru. Walikuja ndugu wa FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA na ZAPU. Samora Machel alikuwa miongoni mwao. Baadhi ya vijana wa SWAPO waliotoka Kongwa walikuwako Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku risasi za kwanza za vita vya ukombozi wa Namibia zilipolia. Msumbiji na Angola zilijitawala mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na mwaka 1994 Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote. Ardhi iliyomnyima Mwingereza mafuta iliwapa Waafrika mahali pa kujiandaa. Huo ulikuwa ubia wa serikali, na wenyeji wa Kongwa walikuwamo: waliishi na wageni hao na kuitunza siri yao.

Basi sisi twasema hivi. Mkoa, Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa, Kampuni ya Ranchi za Taifa, na serikali za nchi za SADC zilizopata watoto wao kambini pale, zifanye ubia wa kweli. Nchi hizo zisije na mashada ya maua tu kwenye makaburi. Zichange pamoja nasi katika jumba la kumbukumbu, na katika mafunzo ya mifugo na ngozi, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyestawi mahali karanga iliposhindwa.

Lakini kwanza wanakijiji waketi mezani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano wa kijiji; basi usiitwe kupiga makofi baada ya mambo kwisha. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe hadharani. Ijulikane ni ajira ngapi za wenyeji, ni kisima kipi kitachimbwa na lini, na mapato yatagawanywaje. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa 1947 alikuja na mwenyeji hakupona. Wageni wa 1964 walikuja mikono mitupu, na tukapona pamoja.

Mwanachama wa Ipagala asiseme kwamba Kongwa ni mbali. Likizoeleka kule kwamba shauri la ardhi huamuliwa bila ya mwenyeji, litazoeleka na hapa mtaani kwetu. Tuhudhurie mikutano, tuulize maswali, na tusiondoke kabla hatujajibiwa.