Namba moja ya mruko haipimi nguvu

Jamani wadau, hii tabia ya kumrusha kijana mara moja, kusoma namba moja kwenye simu, kisha kutangaza "huyu ana nguvu, yule hana" imenichosha. Juzi nimeombwa tena kutengeneza programu ya aina hiyo kwa timu moja hapa kisiwani. Nimekataa.

Programu hizo hupima muda ambao mtu yuko hewani, basi. Hesabu yake: 9.81 mara muda mara muda, gawanya kwa 8. Sekunde 0.50 zinakupa kama sentimita 31. Sasa mwambie kijana akunje magoti anapotua. Akichelewa kugusa chini kwa sekunde 0.05 tu, anapata sentimita 37. Misuli ni ile ile! Mjanja anaingia kikosini, mwenzake anabaki benchi.

Bamba la kani, yaani ubao wenye vihisi vinavyopima unavyosukuma sakafu, husoma hata mara 1,000 kwa sekunde. Mtu husimama tuli kwanza, tunapata uzito wake. Halafu tunajumlisha tofauti ya kani na uzito huo mpaka miguu iachane na bamba, tunagawanya kwa kilo zake, tunapata kasi aliyoondokea. Magoti ayakunje atakavyo huko juu.

Ila bamba nalo si dawa ya kila kitu. Ule ubao wa Nintendo Wii wanaousifu wapenda vifaa vya bei nafuu, utafiti wa Clark na wenzake mwaka 2010 ulionyesha unapima vizuri mtu anavyojisawazisha akiwa amesimama. Amesimama, wadau!

Mchukue hamali wa Marikiti aliyeumia goti. Anaweza kuruka kimo kile kile cha zamani huku mguu mzima ukibeba kazi ya ule mbovu. Mabamba mawili, moja kila mguu, yatamuumbua kabla hajarudi kwenye mkokoteni. Ukitaka nguvu zake hasa, simamisha miguu yake kwenye bamba avute chuma kisichosogea. Na bibi anayepanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale, naye mtamrusha? Mwacheni ainuke kitini, miguu juu ya bamba, muone kani inavyopanda.

Mkienda kununua kifaa, muulizeni muuzaji: data ghafi yote naweza kuitoa, au napewa namba ya mwisho tu? Akibabaika, rudini na pesa zenu.