Mgonjwa ni Mchoro, Si Kompyuta

Mwanafunzi wa ujenzi akilalamika kwamba AutoCAD inaganda au inajifunga ghafla, jibu analopewa ni moja tu: nunua kompyuta yenye nguvu zaidi. Ninalipinga jibu hilo. Ni jibu la uvivu, na wanaolilipia ni maskini.

Hapa Kampala, tulipokuwa mwaka wa tatu, mwenzangu anayetoka upande wa Mbarara aliambiwa hivyo mbele ya darasa. Mama yake akauza ng'ombe. Kompyuta mpya ikanunuliwa kwa shilingi 2,500,000. Mwenzangu akafungua mchoro uleule wa nyumba ya vyumba vitatu, nao ukaganda vilevile. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, programu ilijifunga na kazi ya saa tatu ikapotea. Ng'ombe ameondoka, ugonjwa umebaki.

Ugonjwa ulikuwa ndani ya faili. Tulipolikagua, lilikuwa na MB 48, kwa nyumba ya vyumba vitatu! Sababu tunaijua sote, ila hatuisemi. Wengi wetu hatuanzi mchoro upya. Tunachukua wa aliyetutangulia, tunafuta vyake, tunabandika vyetu. Lakini ukifuta mistari, bloku zake, leya zake na mitindo yake ya mistari hubaki imejificha ndani ya faili. Mwaka unaofuata tunamrithisha mwingine uchafu huo pamoja na wetu. Tulitumia amri ya PURGE kuondoa visivyotumika, AUDIT kurekebisha makosa, na OVERKILL kufuta mistari iliyolaliana. Faili likabaki na MB 3, likafunguka bila shida hata kwenye kompyuta yake ya zamani.

Wapo watakaosema ninatetea mashine mbovu. La hasha. Kompyuta iliyochoka ipo: yenye RAM ndogo, diski iliyojaa, au programu ya kuendesha kadi ya picha iliyopitwa na wakati. Lakini kupima ni bure. Fungua mchoro mtupu, chora mistari michache. Ikiganda hata hapo, mgonjwa ni kompyuta au programu yenyewe. Ikienda vizuri, anza kuushuku mchoro wako. Daktari anayeandika dawa bila kupima tungemshtaki. Kwa nini anayemwagiza mwanafunzi anunue kompyuta bila hata kufungua faili lake asiulizwe?

Wahadhiri wetu, niwieni radhi, lakini sehemu ya lawama ni yenu. Mnatufundisha kuchora kuta, milango na ngazi. Hamtufundishi kutunza faili. Muhula mzima sikuwahi kuambiwa kwamba AutoCAD, usipobadilisha mpangilio wake, hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika 10. Wala sikuambiwa kwamba kila unapohifadhi kazi, toleo lililotangulia hubaki kwa jina lilelile lenye mwisho wa .bak, na ukiubadilisha mwisho huo kuwa .dwg linafunguka. Huenda kazi ya mwenzangu ilikuwa mumo humo ndani ya kompyuta. Tuliililia kama maiti, kumbe ilikuwa hai.

Nasi wanafunzi tusijifiche nyuma ya walimu. Ni sisi tunaochora moja kwa moja kwenye flashi kisha tunaichomoa kwa haraka. Ni sisi tunaopokea mchoro wa mtu tusiyemjua na kuufanya msingi wa kazi yetu.

Pendekezo langu ni hili: usafi wa faili ufundishwe katika wiki ya kwanza na upewe alama, kama vile vipimo vinavyopewa alama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunaosomea kujenga kuta tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Kabla ng'ombe mwingine hajauzwa, tusafishe michoro yetu.