ALIYEPEWA BUNDUKI SI MGENI TENA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa Unguja Mwingereza alimpa bunduki. Vijana wa Tanganyika, Kenya na kwingineko bara walivuka bahari wakaingia polisi, wakatulinda mjini na Ng'ambo sisi tumelala.

Tulipopata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963, serikali ya ZNP na ZPPP ilianza kuwaachisha kazi askari wa bara. Jana mlinzi, leo mgeni! Usiku wa kuamkia 12 Januari, 1964, baadhi yao walikuwamo katika kundi lililoivamia Ziwani, kwenye ghala ya silaha waliyoijua vizuri. Serikali ile ikaanguka, na damu nyingi ya wasio na hatia ikamwagika.

Damu hiyo hatuisifu. Lakini twasema wazi: ukimvisha kijana mgeni sare na kumlisha kiapo, umekwisha kumfanya mwenyeji. Mpe haki zake zote, kura na kiinua mgongo. Kama humwamini, bunduki usimpe tangu mwanzo. Anayelinda mlango wetu tusimfungie nje.

Uhuru na Umoja!