Begi la Binti Anayekwenda Melini

Begi lilipowekwa kwenye mizani, mshale ulipita kilo 31. Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliutazama kama mtu aliyesingiziwa. "Na hata sijamaliza," alisema. Kitandani bado kulikuwa na blanketi, jozi mbili za buti na chombo cha sambusa za nyama.

Binti yake wa miaka 24 alikuwa amepata kazi ya usafi wa vyumba katika meli kubwa ya watalii. Mkataba ni wa miezi 8. Angepanda meli Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Aprili. Kuanzia Mei hadi Agosti meli ingezunguka pwani ya Norway, kisha Septemba na Oktoba ingeshuka Bahari ya Mediterania. Novemba ingevuka Atlantiki kwenda Brazil, ambako Desemba ni jua kali na fukuto. Katika orodha yote hiyo, mama alisikia neno moja tu: baridi.

Ni wasiwasi unaoeleweka. Mombasa, usiku wa Julai wakati wa kusi, watu hutafuta shuka hewa ikifika nyuzi 20. Hamburg mwezi wa Aprili, asubuhi inaweza kuanza na nyuzi 4 au 5. Nordkapp, kaskazini ya mbali ya Norway, hata mchana wa Julai mara nyingi haufiki nyuzi 15. Mzazi ambaye hajawahi kuionja baridi hiyo huipima kwa uzito wa nguo. Ndivyo begi linavyofika kilo 31, wakati mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi moja.

Aliyekuja kulifungua ni mjomba wa binti, aliyefanya kazi melini miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lete hilo begi tulipunguze kabla mamako hajatia na meko."

Alianza kwa swali: je, binti atakuwa wapi saa nyingi za siku? Jibu ni ndani. Kampuni humpa sare ya kazi, na ndani ya meli hewa ni ileile ya kiyoyozi, nje pawe na theluji au jua la Brazil. Baridi ya kweli ataikuta anapotoka uwanja wa ndege kwenda bandarini, wakati wa mazoezi ya dharura kwenye sitaha, na katika zile saa chache za mapumziko anaposhuka kutembea mjini.

"Kwa hiyo, dada, hatupaki nguo za miezi 8," alisema. "Tunapaki nguo za saa chache chache."

Blanketi likatoka, kwa sababu melini matandiko yapo. Buti zikatoka. Makoti mawili mazito yakatoka pia. Mahali pake mjomba alitaka vitu vitatu vyepesi vinavyovaliwa kimoja juu ya kingine.

Cha ndani ni fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, ya sufu laini au polista. Isiwe ya pamba, maana pamba ikinyonya jasho hukaa na maji, na nguo yenye unyevu huvuta baridi mwilini. Cha katikati ni sweta ya manyoya laini inayotunza joto. Cha juu ni jaketi jepesi lisilopitisha upepo wala mvua, kwa kuwa pwani ya Norway upepo huuma kuliko nyuzi zinavyosema. Kofia, glavu na soksi mbili nene humaliza kazi.

Faida ya mpango huo huonekana meli inapoanza kuteremka kusini. Mediterania anavua jaketi na kubaki na sweta jioni. Brazil anavua vyote na kubaki na fulana nyepesi za pamba alizotoka nazo nyumbani. Hakuna koti kubwa la kujaza kabati, na chumba cha mfanyakazi ni kidogo, mara nyingi cha watu wawili.

Vyote vitatu vilipatikana Kongowea, kwenye mitumba, kwa bei ya chini sana kuliko dukani. Jaketi lilikuwa na kibandiko cha duka la Ujerumani. "Hili linarudi kwao," binti alisema, na mamake akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mjomba alisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau. Seti moja kamili ya nguo za joto iwekwe kwenye begi la mkononi, pamoja na hati zote na dawa. Begi kubwa likipotea njiani, msafiri asishuke Hamburg na kanga na ndala.

Viatu vya kazi, vyeusi na visivyoteleza, vivaliwe nyumbani wiki mbili kabla ya safari ili vilainike. Mafuta mazito ya kupaka yasikose, kwa sababu hewa ya kiyoyozi na upepo wa kaskazini hupasua midomo na vidole. Na kitambaa cha kufunika macho kitamfaa. Vyumba vingi vya wafanyakazi havina dirisha, na nje, kule Tromsø, jua halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi mwishoni mwa Julai. Mwili usiojua usiku umeingia saa ngapi huchoka haraka.

Mama alikuwa akiandika yote kwenye simu. Ndipo mjomba alipoliweka begi kando na kusema kwamba lililobaki haliingii begini.

Katika mkataba wake wa kwanza, wiki ya tatu baada ya kuondoka Mombasa, alishikwa na homa wakati meli ikiwa Ulaya ya kaskazini. Alitetemeka, kichwa kikamuuma, viungo vikalegea. Wenzake walisema ni mafua ya baridi, na yeye akaamini. Zaidi ya hapo, aliogopa. Alidhani mgeni akisema anaumwa atarudishwa nyumbani, na nyumbani walikuwa wakimtegemea. Akafanya kazi siku mbili na homa yake. Siku ya tatu alianguka kwenye ngazi.

Ilikuwa malaria, aliyoibeba mwilini kutoka nyumbani.

Chumba kikawa kimya. Dada mtu hakuwahi kuambiwa. "Ungeniambia nini kwa simu?" mjomba aliuliza. "Nilisema niko salama."

Jambo hili linamhusu kila mzazi wa pwani anayesafirisha kijana kwenda nchi ya baridi. Vimelea vya malaria vinaweza kukaa mwilini siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza. Kwa kawaida dalili hutokea ndani ya wiki chache, lakini wakati mwingine huchelewa miezi kadhaa. Zinafanana na za mafua. Daktari ambaye kwake malaria ni ugonjwa wa nadra anaweza asiifikirie asipoambiwa. Na malaria kali inaweza kuua ndani ya siku chache.

Kwa hiyo sentensi ya kumfundisha kijana ni fupi: "Nina homa, na nimetoka eneo lenye malaria. Naomba nipimwe leo." Aijue kwa Kiingereza na aiandike kwenye simu. Asisubiri kesho, na asinunue dawa ya mafua bandarini kwanza.

Woga wa kurudishwa nao ujibiwe mapema. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unampa baharia haki ya kutibiwa bila malipo akiwa kazini melini, na haki ya kupumzika angalau saa 10 katika kila saa 24. Kwenda kwa daktari wa meli si kuomba hisani.

Kisha mjomba akamgeukia dada yake. "Na wewe usimfanye aone haya. Akipiga simu, usianze na ada ya mdogo wake. Muulize amelala vipi, amekula nini, ana homa?"

Mama hakujibu mara moja. Ni kweli kwamba alikuwa ameshamtajia binti ada ya muhula wa pili, hata kabla tiketi haijafika. Alimwita karibu. "Mwanangu, ukiumwa niambie nikiwa wa kwanza baada ya daktari," alisema. "Pesa zitasubiri." Binti aliitikia kwa kichwa, akainama kufunga zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mizani ilipowekwa tena, begi lilikuwa na kilo 19. Mama akaona nafasi, akanyoosha mkono kwenye chombo cha sambusa. Mjomba akamzuia: Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri wa kutoka nje kuingia na vyakula vyenye nyama.

Basi sambusa zikaliwa palepale, watatu, juu ya kitanda. Mama akaingiza leso moja, nyepesi, katikati ya sweta na jaketi. Hiyo hakuna aliyeipima.